Je, Wajua? Mbio Ndefu, Kipupwe na Soksi Zinazonuka

Sogea kidogo, benchi hili linatutosha. Ni mwezi wa saba, Ifakara, saa moja asubuhi, na uji wa mama lishe wetu unafuka mvuke mpaka humwoni anayekuuzia. Mpwa wangu jana alikimbia kilomita 21. Leo kanipa "shikamoo mjomba" akiwa amekaa, akaomba radhi, maana miguu imekataa kuinuka. Kavaa sweta, na juu ya sweta kavaa koti. Nyuzi 17! Wewe wa Makete unacheka, nakusikia. Shika kikombe chako, nina mambo.

Je, wajua kwamba mwezi huu tunaotetemeka ndio dunia iko mbali kabisa na jua? Mwanzoni mwa Julai tuko kilomita milioni 152 kutoka kwenye jua. Mwanzoni mwa Januari ni milioni 147. Ila usiusingizie umbali huo: mwezi huu huu wenzetu wa Ulaya wanaungua. Kinachotuponza ni upande wetu wa dunia kulipa jua kisogo, na upepo wa kusi unaotuletea hewa ya kusini.

Na wajua kwamba Ifakara bado tunadekezwa? Mji uko chini ya meta 300 kutoka usawa wa bahari. Panda treni ya TAZARA hapa, pita Mlimba, hesabu mahandaki mpaka uchoke, ushuke Makambako: uko juu ya meta 1,600, na kila meta 1,000 ulizopanda hewa imepoa nyuzi sita au saba. Ulipanda na fulana, unashuka unaulizia blanketi. Ukiendelea hadi uwanda wa Kitulo, meta 2,600, kipupwe hiki utakanyaga sakitu asubuhi. Sakitu, Tanzania hii hii!

Sasa tumwangalie huyu mpwa.

Je, wajua mwili wa mkimbiaji ni jiko zaidi kuliko injini? Katika kila sehemu 100 za nguvu anayochoma, 20 hadi 25 tu ndizo zinamsukuma mbele. Zote zilizobaki ni joto! Ndiyo maana utamwona mtu na kaptura kwenye nyuzi tano za baridi na jasho linamchuruzika.

Halafu anakata utepe. Jiko linazimwa papo hapo, fulana bado imelowa, na maji huchukua joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa kavu. Jana nilimshika mpwa begani dakika kumi baada ya kumaliza: ngozi imepoa kama perege aliyetoka kwenye ndoo, chumvi ya jasho imechora mistari myeupe shingoni, kidevu kinacheza chenyewe. Nikamwambia avae koti. Akalivaa, akashindwa kufunga zipu.

Unajua kwa nini alishindwa? Vidole havina misuli ya kuvikunja! Hiyo imekaa kiganjani na kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, inavuta kano kama mtu anayevuta kamba za ndoo kisimani. Kigasha kikipoa, vidole vinakuwa vijiti.

Na zile nywele laini za mwilini, sisi Waswahili tunaziita malaika, si ndiyo? Kila unywele una kamsuli kake shinani. Baridi ikikupiga, malaika yanasimama yote, sawasawa na ndege anavyotutumua manyoya kuhifadhi joto. Wewe manyoya huna, lakini mwili unajaribu hivyo hivyo. Mimi huwa nauonea huruma.

Kutetemeka je? Si udhaifu huo, ni kazi! Misuli ikitetemeka kwa nguvu inaweza kuzalisha joto hadi mara tano ya lile la mtu aliyetulia. Tatizo ni kwamba kutetemeka kunachoma sukari ile ile ya misuli ambayo mkimbiaji ameimalizia barabarani. Anayehitaji kutetemeka kuliko wote ndiye aliyeishiwa kuni.

Je, wajua mtoto mchanga anapata joto bila hata kutetemeka? Ana mafuta ya kahawia mgongoni na shingoni, kazi yake ni kuungua tu. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani mtu mzima hana kitu. Mwaka 2009 wakathibitisha kwamba wengi wetu bado tunayo, yamejificha karibu na mitulinga.

Bibi zetu walisema joto lote linatokea kichwani, sivyo? Kichwa ni kama asilimia 10 ya ngozi yako na kinapoteza joto la kiasi hicho hicho. Kofia nzuri, vaa. Lakini ukiwa na kofia na fulana mbichi, bado hujafanya kitu.

Na yule rafiki anayekuja na kachupa, eti "piga kidogo upate joto"? Pombe inafungua mishipa ya damu ya ngozi. Damu ya moto inakimbilia nje, unajisikia vizuri, huku joto la ndani linakutoka. Unapashwa moto kwa kuni zako mwenyewe!

Mwili ni nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35 tu, tayari ni hatari: ulimi unakuwa mzito, akili inapotea njia. Mei 2021, mkoa wa Gansu, China, wakimbiaji 172 waliondoka na nguo nyepesi kwenye mbio za milimani za kilomita 100. Mvua ya mawe, upepo na baridi vikawashukia ghafla. Walikufa 21. Mchungaji mmoja wa kondoo aliyekuwa amejihifadhi pangoni aliokoa sita.

Ndiyo, nami nilinyamaza niliposoma. Ongeza uji.

Je, wajua ile karatasi ya kumetameta wanayofunikwa wakimbiaji kama mahindi ya kuchoma ilitokana na safari za anga? NASA waliibuni mwaka 1964. Ni nyembamba kuliko mfuko wa sandarusi, lakini inarudisha sehemu kubwa ya joto linalokutoka kama mnururisho. Huna? Waendesha baiskeli wa zamani wa milima ya Alps walikuwa wakichomeka gazeti kifuani kabla ya kuteremka. Gazeti la jana linafaa, habari zake zimeshapoa lakini karatasi ina joto.

Sasa niulize habari za marathoni ya Boston. Niulize! Aprili 2018, nyuzi tatu hivi asubuhi, mvua, upepo wa kifuani njia nzima. Baadhi ya wakimbiaji wenye majina makubwa duniani waliacha njiani wakiwa wamekakamaa. Aliyeshinda upande wa wanaume ni Yuki Kawauchi wa Japani, karani wa shule ya serikali huko Saitama aliyekuwa akifanya mazoezi kabla ya kuingia kazini! Saa 2:15:58, muda mrefu kuliko wa mshindi yeyote wa Boston tangu 1976. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa wa mwaka uliotangulia, akaja wa pili.

Na wa pili kwa wanawake? Sarah Sellers, muuguzi wa dawa za usingizi, akikimbia marathoni ya pili tu maishani, tena alijilipia kiingilio mwenyewe. Akaondoka na dola 75,000. Baridi ile iligeuza mbio kuwa bahati nasibu.

Lakini Kawauchi hakubahatisha. Tarehe 1 Januari mwaka huo huo, mji mdogo wa Marshfield huko huko Massachusetts, alikimbia marathoni kwenye nyuzi 17 chini ya sifuri. Alikuwa peke yake aliyemaliza. Nyuzi 17! Zetu ziko juu ya sifuri na tumevaa makoti mawili.

Je, wajua baridi kiasi ni rafiki wa mbio? Marathoni za haraka hukimbiwa kwenye nyuzi 10 hivi, siyo 25. Eliud Kipchoge alipovunja saa mbili kule Vienna, Oktoba 12, 2019, kwa saa 1:59:40, asubuhi ile ilikuwa nyuzi 9 hivi. Kwa mkimbiaji, jua la Ifakara la mwezi wa kumi na moja ni mzigo begani.

Na Watanzania tumekimbia baridi ya wenyewe, usidhani. Juma Ikangaa alishinda Tokyo mwezi wa pili, katikati ya kipupwe chao, mwaka 1984 na tena 1986. Novemba 1989 akashinda New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi 2001. Suleiman Nyambui akachukua Berlin 1987, akarudi akaichukua tena 1988. Desemba 2022 Gabriel Geay akakimbia Valencia kwa saa 2:03:00 kamili, rekodi ya taifa.

Ila Boston kwa Ikangaa! Wa pili 1988, wa pili 1989, wa pili 1990. Ule wa 1988 aliachwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Kilomita 42, sekunde moja. Kidonda hicho sijui unakichua kwa dawa gani.

Je, wajua Alphonce Simbu alilipiza kwa sehemu tatu za mia za sekunde? Septemba 2025, Tokyo, ubingwa wa dunia: yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda ule ule, saa 2:09:48, na picha ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Siku hiyo kulikuwa na joto na unyevu, kama Ifakara kabisa. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo.

Lakini wa baridi kuliko wote ni jirani yetu Philip Boit. Mkenya huyu alikuwa mkimbiaji wa meta 800. Mwaka 1996 akapelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, kitu ambacho hakuwa amewahi kukiona. Februari 12, 1998 akasimama Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alimaliza kwa dakika 27. Boit alimaliza kwa dakika 47, wa mwisho, wa 92.

Na unajua Dæhlie alifanya nini? Medali zinasubiri, waandishi wanasubiri, yeye akakaa kwenye mstari ule ule dakika 20 kumngoja mtu wa mwisho, akamkumbatia. Boit aliporudi nyumbani akampa mwanawe jina la Dæhlie. Kuna Mkalenjin anaitwa Dæhlie, jamani! Na Boit hakuishia hapo, akarudi Olimpiki ya 2002 na ya 2006.

Tumimine chai sasa? Imechemka na tangawizi.

Je, wajua tangawizi na pilipili hazina joto lolote? Zinaudanganya mshipa wa fahamu unaopima moto. Ile dawa ya kuchua yenye mnanaa nayo haina baridi, inaudanganya mshipa unaopima baridi. Waliogundua milango ya hisia hizi, David Julius na Ardem Patapoutian, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mpwa wangu hapa paja moja limepakwa, jingine limesahauliwa. Anasema lililosahauliwa ndilo linauma. Haya.

Wajua baridi inakukojoza? Mishipa ya ngozi inajifunga, damu inarundikana ndani, figo zinadhani maji yamezidi. Na wakati huo huo kiu inapungua. Kwa hiyo mkimbiaji wa kipupwe anaweza kukaukiwa huku hataki hata kuona chupa ya maji.

Lakini usimmiminie ndoo! Mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston. Kwa asilimia 13 yao sodiamu ilikuwa imeshuka kupita kiasi, na waliokuwa wamekunywa mno walikuwa mstari wa mbele. Maji na kitu cha chumvi pembeni, basi.

Je, wajua kwamba wanaoanguka kwenye mbio ndefu, wengi huanguka baada ya utepe? Mashavu ya miguu ni moyo wa pili: kila hatua yanakamua damu irudi juu. Ukisimama ghafla, pampu imezimwa na damu inabaki chini. Ndiyo maana wale wazee wa pale kwenye mstari wanakufokea "tembea, tembea!" Wako sahihi kuliko wanavyojua.

Sasa miguu. Kijana, nyoosha mguu wako wamwone.

Marathoni moja ni hatua kama 40,000. Kila moja inakutua kwa mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 anatua na kilo 120 au zaidi, mara elfu arobaini, halafu unashangaa kwa nini anashuka ngazi kinyumenyume!

Na hiyo kinyumenyume ina akili. Msuli huchanika vibaya unapofunga breki, yaani unapovutwa huku unakaza, na kuteremka ni breki tupu. Kupanda kunakuchosha, kuteremka kunakuvunja. Mwambie hivyo mtu aliyekimbia kushuka kutoka Udzungwa, atakuelewa bila maelezo.

Unadhani ni ile asidi ya laktiki inayouma leo? La hasha! Ile imeshasafishwa ndani ya saa moja hivi baada ya mbio. Kinachouma ni mipasuko midogo midogo na ukarabati wake, na kilele ni kati ya saa 24 na 72. Pole, mpwa. Kesho ni zaidi.

Anayeteswa na asidi hiyo kweli ni mamba. Mamba mkubwa akishindana kwa nguvu zote, damu yake hujaa asidi ya kiwango ambacho kingemlaza mtu chini kabisa, na kuisafisha humchukua saa nyingi. Kukiwa na baridi kila kitu ndani yake huenda polepole zaidi. Kwa hiyo yule unayemwona ameanika kinywa kwenye mchanga wa mto Kilombero asubuhi ya Julai, usimwite mvivu. Na usimsogelee kuhakikisha.

Habari njema ni hii: msuli una kumbukumbu. Mteremko uliokuvunja leo, ukiurudia baada ya wiki mbili tatu utakuuma kidogo tu. Mwili umeshaweka viraka imara zaidi.

Kucha je? Ile ya kidole gumba cha mguu hukua milimita moja na nusu hivi kwa mwezi. Ukiipoteza kwenye mbio za Julai, subiri mwaka mzima hadi mwaka na nusu. Kuna watu wanakimbia mara mbili kwa mwaka. Hao wameshaagana na kucha zao.

Na wajua unakanyaga damu yako mwenyewe? Chembe nyekundu zinapopita kwenye nyayo hupondwa na kishindo cha hatua. Mwaka 1881 daktari mmoja wa Ujerumani alieleza kisa cha askari aliyekojoa mkojo mwekundu baada ya kutembea sana. Wakimbiaji wa mbio ndefu nao huupata, na kwa kawaida hukoma baada ya siku chache. Usipokoma, hospitali.

Hata ubongo unatoa mchango! Utafiti uliochapishwa 2025 uliangalia ubongo wa wakimbiaji 10 kabla na baada ya marathoni. Ule utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu ulikuwa umepungua sehemu fulani, kana kwamba mwili uliishiwa kuni ukachoma dirisha. Ndani ya miezi miwili ukarudi wote. Kwa hiyo mpwa akilisahau deni lako wiki hii, mpe muda. Miezi miwili, siyo mitatu.

Mafua nayo yana hesabu yake. Los Angeles 1987, wiki moja baada ya marathoni, asilimia 12.9 ya waliokimbia walikuwa wanaumwa. Kati ya wakimbiaji waliojiandaa lakini hawakukimbia, asilimia 2.2 tu. Karibu mara sita! Na virusi vingi vya mafua huzaana vizuri zaidi kwenye nyuzi 33, joto la pua iliyopoa, kuliko 37 za ndani. Shangazi akikuambia ufunike pua, ana maana yake.

Uko macho bado? Nimefika ninapopapenda.

Je, wajua soksi za mpwa wangu ni silaha ya sayansi, na kwamba zilipimwa hapa hapa? Kwanza alikuwepo mtafiti wa Uholanzi, Bart Knols. Aligundua kwamba mbu wa malaria aina ya Anopheles gambiae anapenda kuuma nyayo na vifundo, na kwamba anavutwa pia na jibini la Limburger, linalonuka kama miguu kwa sababu bakteria wake ni ndugu wa wale wa vidoleni. Mwaka 2006 kazi hiyo ikapata tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaokuchekesha kwanza kisha ukakufikirisha.

Halafu Fredros Okumu na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara wakatengeneza harufu ya bandia ya mwanadamu: amonia, asidi ya laktiki, asidi nyingine za jasho, na hewa ya kaboni. Wakaipeleka Lupiro, ng'ambo ya mto Kilombero, wakaiweka kwenye nyumba moja, mtu akawekwa nyumba nyingine. Harufu ikavuta mbu mara tatu hadi tano kuliko mtu! Walichapisha mwaka 2010, na mwaka uliofuata dunia nzima ikaandika kuhusu mitego ya harufu ya miguu kutoka Ifakara.

Sasa piga hesabu. Aliyemaliza mbio ndefu anahema hewa ya kaboni, ana joto, ana asidi ya laktiki kwenye jasho, na ana soksi. Kwa mbu huyo ni pilau! Kipupwe kinamsaidia mkimbiaji kidogo, kwa sababu vimelea vya malaria hukua polepole ndani ya mbu hewa ikipoa, na chini ya nyuzi 16 hivi vinakwama. Lakini Ifakara haikai kwenye nyuzi 16. Chandarua pale pale, na soksi nje.

Na taasisi yenyewe wajua umri wake? Ilianza 1956 kama maabara ndogo ya profesa wa Kiswisi, Rudolf Geigy wa Basel. Ina miaka zaidi ya Uhuru wetu!

Haya, chakula. Mama, tuongezee.

Msuli na ini hubeba gramu 400 hadi 500 hivi za sukari ya akiba, na kila gramu hushikana na gramu tatu za maji. Mkimbiaji anaimaliza karibu yote. Kuijaza, mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 500 za wanga kwa siku, yaani kilo mbili kasoro za wali uliopikwa. Na mbio za kipupwe zinaangukia wakati gani? Wakati mpunga mpya wa Kilombero umeingia ghalani! Sehemu nyingine wakimbiaji wananyonya vipakti vya sukari laini. Sisi kutoka Kidatu kuja huku miwa imesimama kama ukuta.

Je, wajua maji ya achari yanafungua msuli uliobanwa? Walijaribu mwaka 2010: msuli ulilegea kwa dakika moja na nusu hivi, kabla hayo maji hayajapata hata nafasi ya kuingia kwenye damu. Inaelekea ule uchachu unaushtua mshipa kooni, ukapeleka amri ya kulegeza. Funda moja tu, usigeuze achari kuwa soda.

Na ukitaka kujipima bila kwenda Boston wala Tokyo, kuna Daraja la Magufuli pale mtoni, meta 384. Livuke mara 110 umepata marathoni! Alfajiri ya Julai, ukungu umelala juu ya maji, upepo unakupiga ubavuni. Ukimaliza tupigie tuje na koti.

Ile imewadia, supu ya kuku. Moto, chumvi, maji, protini, kila alichopoteza kijana kimo kwenye bakuli moja. Lakini ngoja, kabla hujachovya kijiko.

Mwaka 1991, juu ya milima hii hii ya Udzungwa unayoiona nyuma ya mgongo wako, watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini. Wapishi wakaleta mchuzi wa kuku. Mtu mmoja akaona miguu miwili inaelea kwenye sufuria, na haikufanana na miguu ya kuku yeyote waliyemjua. Walikuwa wanamla ndege ambaye sayansi haikuwa imemwona! Ni kwale wa Udzungwa, na ndugu zake wa karibu wako misitu ya Asia. Mwaka 1994 akaandikwa rasmi kwa jina la Xenoperdix udzungwensis.

Mpwa, acha kula kwanza. Geuza hilo bakuli, tuone miguu.